Mwenye nyumba kalipwa fidia, mimi mpangaji nimebaki na mtaro mlangoni

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina mgahawa mdogo hapa Dar es Salaam kando ya barabara kubwa inakojengwa njia ya mabasi yaendayo haraka. Asubuhi nauza chai, chapati na supu, mchana wali, ugali, maharage, samaki na mboga. Fremu nimepanga, huu ni mwaka wa saba, na mkataba upo wa maandishi. Tuliandikiana na baba mwenye nyumba mbele ya mjumbe.

Kabla ya ujenzi nilikuwa nauza 180,000 hadi 220,000 kwa siku. Kituo cha daladala kilikuwa mbele yangu kabisa, kwa hiyo chapati 120 zilikuwa zinakwisha kabla ya saa tatu. Nilikuwa na wasichana watatu wa kunisaidia. Leseni nalipa, TRA nalipa, na mtoto wangu wa kwanza amemaliza chuo kwa mgahawa huuhuu.

Mwaka jana wakaja watu wakachora X ya kijani kwenye ukuta wa baba mwenye nyumba. Baadaye wakaja wathamini na kanda zao, wakapima, wakapiga picha. Mimi nilikuwa jikoni nageuza samaki, nikamwona mmoja anapiga picha banda langu la kupikia. Banda lile nililijenga mwenyewe mwaka 2021 kwa ruhusa ya baba mwenye nyumba: mirunda, mabati 14, sakafu ya saruji na jiko la matofali. Lilinigharimu 1,450,000. Risiti za mabati na saruji ninazo, za fundi sina. Hakuna aliyeniita kusaini kitu. Baada ya miezi kadhaa baba mwenye nyumba akalipwa, na wiki ya tatu yake kijiko cha kuchimbia kikaja kikalisukuma banda pamoja na ukuta. Nilipata muda wa kutoa sufuria tu.

Sasa mbele ya mlango wangu kuna mtaro unaomfikia mtu kifuani. Nimeweka ubao wa kuvukia. Kuna mzee mmoja mteja wangu wa siku zote, anatembelea fimbo, kila siku saa nne alikuwa anakuja kunywa supu. Siku ile alifika upande wa pili, akautazama ubao, akautazama mtaro, akanipungia mkono na kuondoka. Hajarudi tena. Kituo cha daladala nacho kimehamishiwa mbele huko karibu na kituo cha mafuta. Na vumbi, Shangazi! Mchuzi naufunika kwa sinia, sahani nazigeuza kichwa chini, na bado ukipitisha kidole mezani unaandika jina lako. Boza la kumwagia maji tunaliona siku wakija wakubwa kukagua.

Nilikwenda kuuliza kwenye kontena la wajenzi, kijana mmoja akaniambia mwenye haki ni mwenye nyumba, wewe mpangaji hama. Nikaenda ofisini nilikoelekezwa, nikaambiwa niandike barua. Nikaandika. Wakaipokea, hawakunigongea hata muhuri, sasa ni mwezi wa tatu.

Mauzo yameshuka hadi 45,000, siku nzuri 60,000. Wasichana wawili nimewaachisha, nimebaki na mmoja. Mwezi ujao natakiwa kulipa kodi ya fremu ya miezi sita, 350,000 kwa mwezi, jumla 2,100,000. Kwenye kikoba nadaiwa 1,600,000. TRA wananikadiria kwa mauzo ya zamani. Baba watoto anasema ninyamaze, Serikali haishitakiwi. Majirani zangu kwenye safu yetu, tuko 11, wametembelewa na mtu anayesema anajuana na watu wa mradi, kila mmoja atoe 50,000 atufuatilie fidia. Wenzangu wanne wameshatoa.

Naomba unijibu: kuna msaada wowote wa Serikali kwa mtu kama mimi? Nichukue mkopo wa halmashauri niendelee kuvumilia? Au nihame? Jina la barabara naomba usilitaje.

Mama wa Chapati

*

Marahaba mwanangu, na pole sana. Jina la barabara nimelitoa. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kalamu ikiwa mkononi, maana umeniandikia hesabu, na kwenye hesabu ndiko utakakopatia haki yako.

Nianze na banda, kwa sababu kabla hujafikiria msaada, kuna pesa ambayo huenda ilikwisha kutoka na ni yako.

Rangi ya ile X ina maana yake. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ukipima kutoka katikati ya barabara. Aliyejenga ndani ya hifadhi ya zamani huchorewa X nyekundu, anaondoka bila malipo. Aliyefuatwa na ile nyongeza huchorewa ya kijani, naye hulipwa eneo lake linapohitajika. Kwa hiyo kijani kinatuambia kwamba kipande kile cha mbele kilitambuliwa kuwa cha kulipiwa pamoja na vilivyosimama juu yake, na banda lako lilisimama juu yake.

Ardhi ni ya baba mwenye nyumba, hilo halina ubishi. Banda ni lako. Sheria ya Ardhi ya 1999 inataka fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe mapema, na ndani ya fidia hiyo haihesabu udongo peke yake: kuna posho ya usumbufu, posho ya usafiri, faida iliyopotea, na gharama nyingine zinazomkuta mtu papo hapo. Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967 nayo inataka notisi iwafikie wenye maslahi katika ardhi, haikusema wenye hati peke yao. Mpangaji mwenye mkataba wa maandishi, aliyejenga kwa ruhusa ya mwenye nyumba, ana mahali pa kusimama. Yule kijana wa kwenye kontena hakuwa mtu wa kukuamulia jambo hili, na usimwache akae kichwani mwako.

Fanya hivi. Kila anayethaminiwa hujaziwa fomu inayoorodhesha vilivyokutwa: ukuta, mti, choo, banda, kila kimoja na kiasi chake. Viongozi wa mtaa huhusika katika kazi hiyo, kwa hiyo pa kuanzia ni ofisi ya mtendaji wa mtaa wako. Uliza banda la kupikia liliandikwa kwa jina la nani. Majibu ni mawili tu. Ama liliandikwa kwa baba mwenye nyumba, na pesa yake anayo yeye, ama halikuandikwa kabisa, na hapo unaandika barua kuomba uthamini wa nyongeza, ukiambatanisha mkataba, risiti na picha yoyote uliyonayo ya banda likiwa limesimama. Tafuta hata kwenye simu za wateja. Picha ya sikukuu au ya mtoto amekaa mezani, banda likionekana nyuma yake, inatosha kuwa ushahidi.

Ukikuta liliandikwa kwa baba mwenye nyumba, usianze na kelele. Miaka saba ya kukaa vizuri na mtu ni akiba. Nenda jioni, chukua mkataba na risiti, mwambie: baba, nimeona kwenye orodha banda langu limehesabiwa katika malipo yako, naomba tukae tuone. Inawezekana kabisa alipokea jumla moja benki bila kujua kilichomo. Na hapa sikiliza, kwa sababu jambo hili linagusa ile 2,100,000 inayokunyima usingizi. Usimwombe akutolee pesa taslimu. Mwombe iingie kwenye kodi. Gharama ya banda lako ikigawanywa kwa 350,000 inazidi kidogo miezi minne. Jiandae tu kwamba kiasi kilichoandikwa kinaweza kuwa chini ya 1,450,000, maana wathamini hupunguza uchakavu. Hata ikitoka miezi mitatu, andikianeni mbele ya mjumbe kama mlivyofanya mwanzo. Akikataa kabisa, ndipo uende kwa mwenyekiti wa mtaa, na baada ya hapo kwenye baraza la ardhi la kata.

Sasa nije kwenye mauzo yaliyoanguka, na hapa nitakueleza kama yalivyo. Sheria zetu za fidia zimejengwa juu ya ardhi. Mtu akitwaliwa eneo lenye biashara, kanuni za mwaka 2001 zinasema faida halisi ya mwezi ihesabiwe, ionyeshwe kwa hesabu zilizokaguliwa pale inapohitajika, kisha izidishwe kwa miezi 36. Lakini wewe fremu yako ipo. Kilichoondoka ni kituo, njia ya kufika kwako, na yule mzee wa supu. Sijaona kifungu kinachomtaja kwa jina mfanyabiashara aliyebaki palepale huku wateja wakishindwa kumfikia, na mtu akikuambia kuna mfuko maalumu unaokusubiri, mwombe akuonyeshe waraka wake.

Jambo hili linaniuma, sitalificha. Barabara ni ya wote, na mabasi hayo yatatusaidia wote. Haiwezekani gharama ya starehe ya mamilioni ibebwe na wafanyabiashara 11 wa safu moja. Wengine walikwisha kuliona. Los Angeles, kule Marekani, shirika la usafiri la huko lilipochimba njia mpya za treni lilifungua mfuko kwa biashara ndogo zilizopakana moja kwa moja na ujenzi, zenye wafanyakazi wasiozidi 25. Biashara moja inaweza kupata hadi dola 50,000 kwa mwaka, na si mkopo. Hutumika kulipia kodi ya pango, umeme, mishahara, mambo yasiyosubiri. Nakutajia hili kwa sababu ya masharti yake: mwombaji huonyesha mauzo ya kabla ya ujenzi na mauzo ya wakati wa ujenzi, pesa hufuata tofauti iliyomo kwenye vitabu vyake. Mwenye daftari hupata.

Wewe unalo daftari? Barua yako inaniambia unalo, maana mtu asiyeandika hasemi "180,000 hadi 220,000". Kuanzia leo ligawe. Kila siku andika mauzo, na pembeni andika kilichotokea: leo ubao umeondolewa tangu asubuhi, leo kijiko kimeegeshwa mlangoni saa tano, leo maji yamekatwa. Piga picha ya mlango wako kila Jumatatu ukiwa umesimama mahali pamoja. Miezi mitatu ya kumbukumbu za namna hiyo ina nguvu kuliko barua kumi za kulalamika.

Halafu nenda kwenye bango la mradi. Kila ujenzi mkubwa wa umma huwa na bango linaloandika mwajiri, mkandarasi, mhandisi mshauri na mfadhili. Lipige picha. Mstari wa mfadhili ndio wengi tunaoupita bila kuusoma. Njia za mabasi yaendayo haraka hapa Dar es Salaam zimejengwa kwa fedha za wakopeshaji wakubwa: ya Mbagala kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ya Gongo la Mboto na ya Tegeta kwa Benki ya Dunia. Benki hizo zinapokopesha huweka masharti kuhusu watu wanaoguswa na mradi. Kupotea kwa kipato kumo, na asiye na hati ya ardhi hasahauliwi. Mradi wa namna hiyo hutakiwa kuwa na utaratibu wa kupokea malalamiko, wenye rejesta, namba na muda wa kujibiwa. Umuulizie afisa jamii wa mradi, usiishie kwa anayekaa kwenye kontena. Mwambie: naomba lalamiko langu liandikwe kwenye rejesta na nipewe namba. Namba hiyo ndiyo itakayokufaa ukilazimika kwenda juu, maana Benki ya Dunia ina jopo lake la ukaguzi tangu 1993, na kabla ya kupokea dai hutaka kujua kama ulikwisha kulipeleka kwa Benki yenyewe.

Barua yako ya kwanza ilipotelea kwenye meza, na nadhani unajua sababu. Safari hii peleka nakala mbili masjala, moja waipokee, moja waigonge muhuri na tarehe urudi nayo. Wakikataa kugonga, itume kwa rejista ya posta utunze risiti. Barua iwe ukurasa mmoja. Usieleze historia ya maisha, eleza mambo manne unayoyataka yafanyike: kivuko imara chenye mikono ya kushika mbele ya safu yenu, maji yamwagwe kwa ratiba inayojulikana, kibao barabarani kinachoonyesha kwamba biashara ziko wazi na njia ya kufika, na tathmini ya hasara ya kipato kwa biashara 11. Kivuko na maji si fadhila. Mradi mkubwa hupewa cheti cha mazingira chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na cheti huja na masharti. Wasipojibu kuhusu vumbi, nakala iende NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa. Na kama unataka kuona mpango wenyewe wa mazingira na jamii wa mradi huo, omba kwa maandishi. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa mwenye taarifa siku zisizozidi 30 kukujibu.

Andikeni barua moja ya watu 11, kila mmoja akiambatanisha hesabu zake. Kama kati yenu kuna fundi simu asiye na daftari, mkae naye mumsaidie, ana miamala ya simu, ana risiti za vipuri.

Huyo anayechukua 50,000, mwanangu, ni kishoka. Kulalamika kwenye mradi hakulipiwi. Kuthaminiwa hakulipiwi. Nne mara 50,000 ni 200,000 zimeshakwenda, saba zilizobaki zizuieni. Wale wanne wamdai risiti yenye jina lake kamili na ofisi yake, wataona kasi atakayoondoka nayo. Mkihitaji mtu wa sheria, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, na mashirika yanayotoa msaada huo bure yapo hapahapa mjini. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu ni kimojawapo, na wanasheria wanawake wa TAWLA ni wengine.

Mwambie baba watoto, kwa heshima, kwamba Serikali hushitakiwa. Sheria inataka tu ipewe kwanza notisi ya siku 90. Sikushauri uanze huko. Kesi inakula muda na nauli, na wewe una sufuria motoni. Nataka tu asikuzuie kuandika barua kwa hofu ya kitu ambacho sheria imekiruhusu.

TRA ni jambo fupi. Makadirio yanaweza kurekebishwa ndani ya mwaka hali ya biashara ikibadilika. Usikae nyumbani ukisubiri deni likue. Kabla ya awamu inayofuata nenda na daftari, picha na ile barua yenye muhuri, uombe makadirio yapitiwe upya. Wanaokwenda mapema husikilizwa tofauti na wanaofuatwa.

Mkopo wa halmashauri ule wa asilimia kumi, yaani nne kwa wanawake, nne kwa vijana na mbili kwa watu wenye ulemavu, hauna riba, na ulirejeshwa 2024 baada ya kusimamishwa mwaka uliotangulia. Ni kitu kizuri. Lakini ni mkopo, hutolewa kwa kikundi, na marejesho hayaulizi kama mtaro umefukiwa. Ukiuchukua leo kulipia kodi ya fremu isiyo na wateja, umehamisha shimo kutoka mlangoni kuliingiza chumbani. Uchukue siku ukiwa na kitu cha kuuza na pa kukiuzia. Kausha damu, ile mikopo ya mitaani ya riba kubwa, usiisogelee hata kwa wiki moja. Kwenye kikoba nenda kabla hujachelewa rejesho, waonyeshe daftari, omba upunguziwe kiasi kwa miezi sita. Wenzako wa kikoba wanapita barabara hiyohiyo, mtaro wanauona.

Na wateja? Wapo watu wanaokula mchana kila siku mita kumi kutoka kwako na hawahitaji kuvuka mtaro, kwa sababu wako ndani yake. Zungumza na msimamizi wa mafundi kuhusu sahani 30 za mchana, bei moja, malipo kila Jumamosi, na jina la mpokeaji kwenye karatasi. Usikubali kukopesha mwezi mzima. Asubuhi msichana wako asimame na ndoo safi yenye mfuniko pale kilikohamia kituo, chapati zimefungwa mbilimbili. Mauzo yako mengi yalikuwa ya abiria, na abiria wamesogea tu.

Umeuliza kama uhame. Hili nimelifikiria kuliko yote, na sitakujibu kwa moyo, kwa sababu moyo utakuambia vumilia, ujenzi utaisha. Utaisha kweli. Ila barabara itakayorudi siyo ile uliyoizoea. Angalia ya Kimara. Ujenzi ulichukua miaka, mabasi yakaanza kubeba abiria Mei 2016, na daladala zikaondolewa kwenye njia ile kuu. Vituo viko katikati ya barabara, abiria anavukia sehemu maalumu. Fremu iliyo karibu na kivuko cha kituo inapitwa na watu kutwa nzima. Fremu iliyo katikati ya vituo viwili inaona mabasi yakipita yamejaa, na hakuna anayeshuka.

Kwa hiyo kabla hujalipa miezi sita, kaione michoro ya mradi. Muulize mhandisi au afisa jamii: kituo kitakuwa wapi, wavukaji kwa miguu watavukia wapi, mbele ya safu yetu patakuwa na uzio au pataachwa wazi, magari madogo yataruhusiwa kusimama? Pima kwa hatua zako mwenyewe kutoka mlangoni kwako hadi panapowekwa kituo. Kikiwa karibu, ng'ang'ana, na mwombe baba mwenye nyumba kodi ya mwezi kwa mwezi hadi mtaro ufukiwe, maana fremu ikibaki tupu mbele ya shimo hata yeye hapati mpangaji mwingine. Kikiwa mbali, anza sasa kutafuta fremu karibu nacho, kabla bei hazijapanda. Tena ukihama, hama ukiwa umeshaandikishwa kwenye rejesta na nakala yenye muhuri iko mkobani, kusudi dai lako libaki hata wewe ukiwa umeondoka.

Kesho asubuhi anza na mtendaji wa mtaa, uone jina lililoandikwa kwenye lile banda. Kisha niandikie, hata kwa mistari miwili. Na ukimwona yule mzee wa fimbo upande wa pili, mtume msichana avuke na bakuli la supu.

Shangazi